Mti Mwembamba Si Lazima Uwe Mchanga

Katika majimbo ya mashariki ya Marekani, sehemu kubwa ya misitu ni mali ya watu binafsi. Mwenye msitu anayetaka kuuza magogo ya mialoni mara nyingi hushauriwa na mnunuzi akate miti minene tu, na myembamba aiache ikue. Shauri hilo huonekana la busara, hasa kwa mnunuzi.

Mingi ya misitu hiyo iliota katika mashamba yaliyoachwa, au baada ya ukataji wa zamani. Kwa hiyo miti yake hukaribiana umri. Pete za visiki zikihesabiwa, mti wenye kipenyo cha sentimita 20 huweza kuwa na miaka 80, sawa na jirani yake wa sentimita 50. Huo si mtoto, bali ni mti ulioshindwa kugombea mwanga. Ukiachwa, ndio utakaotoa mbegu. Nayo miche ya mialoni, ihitajiyo jua, husongwa na miti istahimiliyo kivuli.

Kwa sababu hiyo bwana miti hupima kwanza, kisha hutia rangi kila mti wa kukatwa, ukiwamo uliopinda na wenye ugonjwa. Alama huwa mbili: moja usawa wa macho, nyingine chini kabisa, pasipofikiwa na msumeno. Magogo yakishaondoka, mwenye msitu hukagua visiki. Kisicho na rangi ni cha mti uliokatwa bila idhini yake.