SOMO LA KUTIA DUME MITENDE, NA TUNDA NI LA NANI

Bismillahi Rahmani Rahimi. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad na aali zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Jua, ewe ndugu yangu, ya kwamba mtende si kama mnazi. Mnazi huchukua maua ya kiume na ya kike katika karara moja; mtende wa kiume ni mti mbali, na wa kike ni mti mbali. Karara la jike likipasuka, maua yake hayana budi kufikiwa na unga wa maua ya dume. Upepo huuchukua, lakini haba. Kwa hiyo tangu zama za kale wakulima hukwea na kupachika vishuke vya dume katikati ya mashuke ya jike. Kazi hii kwa Kiarabu huitwa taabiri, na dume mmoja hutosha majike 40 na zaidi.

Kila ua la jike lina vyumba vitatu. Unga ukifika, kimoja hukua kikawa tende yenye kokwa, viwili hufa. Usipofika, aghalabu hukua vyote vitatu, vidogo, bila kokwa, wala havina thamani sokoni. Tena madume si sawa: mwaka 1928 mtaalamu wa Marekani, Walter Swingle, alieleza ya kuwa unga wa dume hubadili hata ukubwa wa tunda na wakati wa kuiva kwake.

Imepokewa katika Sahihi Muslim ya kwamba Mtume (s.a.w.) aliwakuta watu wa Madina wakiifanya kazi hii, akadhani haina faida. Wakaiacha, na mazao yakapunguka. Alipopashwa habari akawarejeza kwenye ujuzi wao katika mambo ya dunia yao. Basi fahamu: kutawakali si kuacha sababu.

MAS'ALA: Mtu ameuza mitende yenye mashuke, wala tunda halikutajwa; kisha wakagombana. Ni la nani?

JAWABU: Ikiwa mitende imekwisha kutiwa dume, tunda ni la muuzaji, ila mnunuzi akilishartia. Hivi ndivyo ilivyo katika hadithi ya Ibn Umar kwa Bukhari na Muslim. Imamu Shafi akafahamu kinyume chake: isipotiwa bado, tunda ni la mnunuzi, ila muuzaji akilishartia. Na mti mmoja tu ukitiwa, iliyobaki katika shamba lile lililouzwa kwa mapatano mamoja huufuata. Karara lililopasuka lenyewe hukumu yake ni hiyo hiyo. Ama Imamu Abu Hanifa, kwake tunda ni la muuzaji katika hali zote mbili.

Basi, ndugu yangu, ununuapo shamba, litaje tunda kwa ulimi, liandike, na ushuhudishe kabla hamjapeana mikono. Neno moja la mwanzo huokoa udugu wa miaka mingi.

Wallahu aalam.