SOMO KWA WATUMISHI: KUPANGA KUMBUKUMBU ZA KOMPYUTA KATIKA JEDWALI

Kompyuta kuu ya ofisi, yaani seva, huandika kila tukio katika daftari lake la kumbukumbu: nani ameingia, nani amekataliwa, printa ipi haikupatikana. Mtumishi anayetafuta humo matukio ya siku moja huweza kuletewa mistari mia kadhaa. Kuisoma mmoja mmoja ni kazi ya kuchosha, na jicho lililochoka hupitiwa. Dawa yake ni kuikusanya inayofanana katika jedwali la muhtasari.

Hatua ya kwanza ni kutenganisha maneno yasiyobadilika na yale yanayobadilika. Saa, jina la mtumiaji na anwani ya mashine hubadilika; maneno "neno la siri limekosewa" hubakia vile vile. Mistari yenye maneno hayo huwekwa katika fungu moja.

Hatua ya pili ni kuhesabu. Mbele ya kila fungu huandikwa idadi ya mistari, watumiaji wangapi wametajwa, anwani ngapi, na saa ya tukio la mwanzo na la mwisho. Tuchukue mfano wa kubuni wa mistari 412:

Neno la siri limekosewa: mara 300, watumiaji 60, anwani 1
Printa haikupatikana: mara 111, watumiaji 14, anwani 14
Akaunti mpya ya msimamizi imefunguliwa: mara 1, mtumiaji 1, anwani 1

Lau jedwali lingeonyesha idadi peke yake, mtu angedhani watumishi wengi wamesahau maneno yao ya siri. Safu ya anwani inaeleza mengine: majina 60 yamejaribiwa kutoka mahali pamoja. Huenda ni mtu anayebahatisha, ijapokuwa anwani moja huweza pia kutumiwa na ofisi nzima. Kwa hiyo uchunguzi utangulie tuhuma.

Hatua ya tatu ni kupanga mafungu kwa uzito, si kwa wingi. Mfumo wa kumbukumbu unaotumiwa na seva nyingi una daraja 8 za uzito, kuanzia 0 hadi 7, na 0 ndiyo kubwa kupita zote. Hata hivyo, daraja iliyotolewa na mashine haitoshi. Akaunti ya msimamizi huweza kuandikwa kuwa ni habari ya kawaida tu, na mwenye akaunti hiyo akapata uwezo wa kubadilisha kumbukumbu za mishahara au vizazi. Mstari huo mmoja ndio wa kuulizwa mwanzo.

Jambo la kuangaliwa sana ni saa. Seva nyingi huandika saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma ya saa ya Afrika Mashariki kwa saa 3. Kumbukumbu ya 05:10 ikisomwa bila ya kuongezwa saa hizo, itaonekana kuwa karani ameingia saa 11 na dakika 10 alfajiri, ofisi ikiwa imefungwa. Ukweli ni kwamba aliingia saa 2 na dakika 10 asubuhi, akiwa kazini kwake. Kosa dogo la hesabu huweza kumtia mtu asiye na hatia katika tuhuma nzito. Kwa hiyo kila jedwali liandikwe juu yake ni saa ipi iliyotumika.

Mwisho, jedwali halichukui nafasi ya daftari la asili. Mistari yote ihifadhiwe kama ilivyo, na kila fungu lionyeshe mistari yake ilipo, ili anayetia shaka aweze kurejea na kuhakikisha mwenyewe.