Mtoto Akatizapo Mafundisho



Wengine kati yenu, katika vijiji vya Beni na Butembo, huombwa kumsaidia katekista kuwafundisha watoto wadogo. Watoto watano au sita huketi karibu nawe wajifunze Ishara ya Msalaba. Wengine hukaa kando wakiandika katika vibao vyao. Mara mmoja wa kando anakuja na kukuvuta nguo. Chaki imevunjika. Mwenzake amempiga. Je, umfukuze, au uwaache wale sita umfuate?

Tazama kwanza alivyofanya Bwana wetu. Katika Injili ya Marko, sura ya 5, Yairo alimsihi aje kumponya binti yake aliyekuwa karibu kufa. Njiani mwanamke aliyetokwa na damu miaka 12 akaligusa vazi lake. Yesu akasimama. Nadhani Yairo aliungua moyoni kwa kule kukawia! Lakini Yesu alimsikiliza mwanamke mpaka akasema yote, kisha akaishika tena njia ya kwa Yairo. Hakumwacha wa kwanza kwa ajili ya wa pili.

Basi, watoto wa kando uwape kazi waliyoizoea, kwa maana kazi mpya huzaa maswali. Chaki iwe mahali wanapoifikia wenyewe. Mtoto mmoja mkubwa awe ndiye wa kuulizwa kwanza. Anayetaka kwenda nje aweke kijiwe mlangoni, naye akirudi akiondoe. Hivyo utajua aliye nje pasipo kusema neno. Mwenye shida ndogo asimame kando yako kimya. Mwitikie kwa kichwa ajue umemwona, maliza sala moja na wale sita, ndipo umgeukie. Wala usimwambie angoje mpaka mwisho wa somo: mtoto wa miaka mitano hawezi.

Lakini yako mambo yasiyongoja hata sala moja. Mtoto akisema ana homa, au mwenzake ametapika, simama mara. Sisi tuliopitia Ebola, tangu Agosti 2018 hata Juni 2020, twajua ya kuwa mtoto anayelalamika kichwa chamwuma hapaswi kupuuzwa.

Tena wako watoto waliokimbia makwao kwa sababu ya mauaji yaliyoanza katika eneo la Beni mwaka 2014. Mtoto wa namna hii huja mara nyingi pasipo shida ya kusema. Ataka tu kujua kama mtu mkubwa yupo. Ukimkaripia kama mtundu, atanyamaza, na hofu yake itabaki ndani. Mketishe karibu nawe tangu mwanzo, hata kama si wa kundi lile, asihitaji kuja.

Urudipo kwa wale sita, usianze somo upya. Muulize mmoja wao mlifika wapi. Mara nyingi atakumbuka kuliko wewe.