Kijana Hapewi Mbegu ya Kutupwa

Barua za mwezi huu nyingi zimetoka Ludara, wilayani Koboko, Uganda, na karibu zote ni za wazee: vijana hawataki jembe, wanakimbilia bodaboda mjini Koboko. Wazee wangu, niliyoyaona huko kwenu ni mengine.

Kijana mmoja alinipeleka kwenye ekari ya mihogo, ya kwanza kupewa na babake. Majani ya juu yalipendeza. Akang'oa shina, akapasua muhogo kwa panga: ndani kahawia, mkavu kama gome. Shina la pili, hivyo hivyo. Mwaka mzima wa palizi! Mbegu aliitoa wapi? Mzee alipanda kwanza zake, akamwachia kijana rundo lililobaki.

Hili naliona kila msimu, na nimechoka kuliandika. Magonjwa ya mihogo ya batobato na michirizi kahawia huenezwa na nzi weupe, ni kweli, lakini tunaoyasafirisha maradhi hayo mbali ni sisi wenyewe, na mafurushi yetu begani. Tena michirizi ni mjanja: majani mazuri, mizizi imeoza. Kwa hiyo usichague mbegu kwa macho ya juu. Siku ya kuvuna pasua mihogo ya kila shina unalotaka kulipanda. Ukiona doa, mti huo ni kuni.

Ekari moja, ukipanda kwa nafasi ya mita moja, ni mashina kama 4,000. Shina moja zuri hutoa pingili kumi hivi. Basi mashina safi 400 yanamtosha kijana kuanza. Nyumbani yakikosekana, ulizieni mbegu za aina ya NASE 14 au NAROCASS 1 kwa watafiti wa kituo cha Abi, Arua. Zinastahimili, hazina kinga kamili, kwa hiyo kupasua kuko pale pale. Wale wa lori wanaouza mashina barabarani, mwambieni mmoja awaonyeshe shamba alikoyakata. Atakumbuka ana safari.

Dalali anayenunua mihogo ingali ardhini ndiye yule yule wa lori kwa koti jingine. Kijana ana shida ya ada, yeye ana noti mkononi. Mwanangu, kabla ya kupeana mkono ng'oa mashina kumi, pima, kisha uliza bei sokoni Koboko.

Barua moja tu ilitoka kwa kijana. Mihogo yake ilistawi, na baada ya mavuno baba mdogo akalichukua shamba. Hiyo nitaijibu toleo lijalo, nafasi imekwisha.