Somo la Jikoni: Supu ya Madonge ya Ngano kwa Mlo wa Jioni

Mlaji anayerejea nyumbani Ngaramtoni saa kumi na mbili na nusu jioni, hasa katika miezi ya Juni na Julai ambapo baridi ya Mlima Meru hushuka mapema, hukabiliwa na mambo mawili yasiyopatana. Watoto wanataka chakula cha moto na kizito. Naye hana saa mbili za kuchemsha mifupa mpaka supu ishike uzito. Somo hili linaeleza namna ya kupata supu nzito kwa muda wa dakika arobaini, kwa kutumia madonge ya unga wa ngano. Linaeleza pia kwa nini, kwa wakazi wa miteremko ya Meru, uchache wa maji na ufupi wa kuchemsha una faida isiyohusu muda wala gesi, bali meno na mifupa ya watoto.

Neno "madonge" kwa kawaida husemwa kwa lawama: uji umeingia madonge, ugali una madonge. Hapa ndiyo tunayoyataka. Aliyewahi kula urojo wa Zanzibar anajua raha ya kukuta bajia ndani ya mchuzi, na aliyelelewa kwa mtori anajua kwamba uzito wa supu waweza kutoka kwenye ndizi badala ya moto wa saa nyingi. Madonge ya ngano hufanya kazi zote mbili: hushibisha, na wanga unaotoka juu yake huifanya supu iwe nzito yenyewe.

Maji kabla ya unga

Maji ya chemchemi, mito na visima vingi kuzunguka Mlima Meru yana madini ya floraidi, yatokanayo na miamba ya volkano. Madini hayo hayana rangi, harufu wala ladha. Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa. Yakizidi, meno ya kudumu ya mtoto, ambayo hujengeka ndani ya ufizi tangu utotoni hadi umri wa miaka minane hivi, hutoka na madoa ya kahawia yasiyofutika kwa mswaki wala kwa dawa ya meno. Yakizidi sana, na kwa miaka mingi, mifupa hukakamaa na miguu ya watoto huweza kupinda.

Wengi wetu tumefundishwa kwamba maji yakichemshwa yamekuwa salama. Hilo ni kweli kwa vijidudu, lakini si kweli kwa floraidi. Mvuke hupanda na kwenda zake, floraidi hubaki sufuriani. Tuchukue kaya ya watu watano inayotumia maji yenye miligramu 2 kwa lita. Wakianza na lita 3 za maji na kuzichemsha pamoja na mifupa mpaka zibaki lita 1.5, supu hiyo itakuwa na miligramu 4 kwa lita, na kila mmoja atakunywa miligramu 1.2 kutokana na maji hayo. Wakianza na lita 1.5 katika sufuria iliyofunikwa, kila mmoja atapata takriban miligramu 0.6. Bakuli ni lile lile, mzigo ni nusu. Ieleweke kwamba njia hii haiondoi floraidi. Inachofanya ni kutoiongeza.

Iliyo bora zaidi ni kupikia maji ya mvua, ambayo floraidi yake ni kidogo mno. Kaya yenye paa la bati safi na pipa lenye mfuniko na iyatenge maji hayo kwa kunywa na kupikia, na ya bomba au kisima yatumike kwa kufua na kuosha. Ipo pia mitambo ya kuchujia ya mkaa wa mifupa, iliyofanyiwa kazi kwa miaka mingi katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto. Mkaa wake hauna budi kubadilishwa kwa wakati, kwani ukishajaa huacha kuchuja bila kutoa dalili yoyote. Mlaji ana haki ya kuuliza kiwango cha floraidi cha maji anayoyalipia. Aliyeunganishwa na mamlaka ya maji ya Arusha aulize huko. Wa kijijini aulize chombo cha watumia maji kilicho chini ya RUWASA. Jibu analopaswa kupewa ni tarakimu. "Maji yetu ni mazuri" si jibu.

Jambo la pili ni magadi. Katika nyumba nyingi za Arusha magadi hutiwa kwenye maharage na makande ili yaive upesi, na wapo watakaoshawishika kuyatia kwenye unga ili madonge yawe laini. Tunawasihi wasifanye hivyo. Magadi ya kuokota yanayouzwa kwa kipimo cha kopo huweza kuwa na floraidi nyingi kuliko maji yenyewe, na hakuna lebo ya kumwonya mnunuzi. Maharage yakilowekwa usiku kucha hulainika bila magadi, na madonge hulainishwa na yai.

Manunuzi

Kwa watu watano inatosha robo kilo ya unga wa ngano (kama vikombe viwili vya chai), yai moja, robo kilo ya nyama, karoti mbili, viazi mviringo vitatu, kitunguu kimoja, nyanya mbili, kipande cha tangawizi, fungu la mnafu au sukumawiki, na mafuta vijiko viwili.

Unga ulio katika mfuko uliofungwa hauna budi kuonyesha jina la mtengenezaji, uzito halisi, tarehe ya mwisho wa matumizi na alama ya ubora ya TBS. Kwa mujibu wa kanuni za mwaka 2011, unga wa ngano wa viwandani huongezewa madini ya chuma na zinki, asidi ya foliki na vitamini B12. Soma kama mfuko unasema hivyo, kwani ni faida unayoilipia. Unga wa kupimiwa dukani si lazima uwe mbaya, na kwa anayehitaji robo kilo tu ndio unaofaa mfukoni. Ila omba uonyeshwe gunia ulimotoka, usome tarehe, uunuse. Unga wenye harufu ya uvundo au nyuzi za wadudu usinunuliwe hata ukipunguzwa bei.

Buchani, tazama muhuri wa mkaguzi kwenye nyama, na mizani ianze kwenye sifuri ikiwa na stika ya Wakala wa Vipimo. Kwa supu hii chagua steki, ikatwe vipande vidogo kama punje za maharage, au nyama ya kusaga. Na ukitaka ya kusaga, isagwe mbele ya macho yako kutoka kwenye kipande ulichokichagua. Nyama iliyokwisha kusagwa na kukaa wazi huharibika upesi, na mnunuzi hawezi kujua imechanganywa na nini. Asiyekula nyama, au ambaye wiki imemwishia, aweke vikombe viwili vya maharage yaliyoiva jana.

Anayepikia gesi asisahau kwamba mtungi nao hupimwa. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye mtungi wenyewe; jumlisha kilo 6 kwa mtungi mdogo, kisha omba muuzaji aupandishe kwenye mizani kabla hujalipa. Pungufu ya nusu kilo ni upungufu wa jioni kadhaa za supu.

Upishi

Anza na unga, kwa sababu unahitaji kupumzika. Changanya unga na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vunja yai katikati, ongeza maji robo kikombe, koroga, kisha endelea kuongeza kidogo kidogo. Unachotafuta ni rojo zito linaloshikamana na kijiko na kudondoka kwa kusitasita. Likimiminika kama la chapati za maji, ongeza unga. Likiwa gumu kama la chapati za kusukuma, madonge yatakuwa mawe. Funika, weka kando.

Kaanga kitunguu na tangawizi katika mafuta mpaka kitunguu kilainike, tia nyama, igeuze mpaka ibadilike rangi, kisha nyanya. Zikishapondeka tia karoti, viazi vilivyokatwa vidogo, chumvi na lita moja na nusu ya maji. Funika. Supu ichemke dakika kumi na tano kabla ya madonge kuingia.

Chovya kijiko cha chai ndani ya supu inayochemka, chota rojo nusu kijiko, lizamishe. Donge litaachia lenyewe. Endelea hivyo hivyo, ukichovya kijiko kila mara. Usikoroge kwa dakika mbili za mwanzo, la sivyo madonge yatavunjika na utabaki na uji wenye nyama. Yatazama, kisha yataelea. Wapishi wengi hukosea hapa: kuelea si kuiva. Punguza moto, funika, uyaache dakika kumi na mbili hadi kumi na tano. Katika mwinuko wa Ngaramtoni, unaozidi mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi joto 95 hivi badala ya 100, kwa hiyo kinachoiva Tanga kwa dakika kumi huku kitadai zaidi. Toa donge moja, likate katikati. Ukiona kiini cheupe chenye unga mkavu, subiri.

Mnafu uliokatwa huingia dakika tano kabla ya kuepua, limau na giligilani baada ya kuepua. Onja chumvi wakati huo, si kabla, kwa sababu madonge huinyonya.

Supu ikibaki, madonge yataendelea kunywa mchuzi usiku kucha na asubuhi utakuta kitu kinachofanana na makande. Si kasoro. Kwa aliye na jokofu, iwekwe humo mara inapopoa, ipashwe mara moja tu siku inayofuata mpaka ichemke, kwa kuongeza nusu kikombe cha maji ya mvua. Asiye na jokofu apunguze kipimo cha unga na nyama, apike ya kumalizika. Supu yenye nyama na yai haifai kulazwa mezani hata kwa baridi ya Julai.