SOMO LA VIJANA: KUGOMBEA UONGOZI WA WANAFUNZI CHUONI

Fungu la kusoma: Waamuzi 9:7–15

Kila mwaka vijana wetu wa Hola, Bura na Garsen hufunga mizigo kwenda vyuo vikuu. Huko wengine huombwa na wenzao wagombee uongozi wa wanafunzi. Wazazi wengi husema, "Wewe nenda usome, achana na siasa." Je, jibu hilo latosha?

Katika fungu letu, miti ilitafuta mfalme. Mzeituni, mtini na mzabibu ikakataa, kila mmoja ukibaki na kazi yake nzuri. Mti wa miiba ukakubali upesi. Sisi wa Tana River tunaijua miiba. Mathenge uliletwa huku miaka ya 1980 ili tupate kuni. Leo umeziba njia za mifugo na kuingia mashambani. Shamba lisilolimwa halikai tupu. Vilevile, wenye busara wakikaa kando, kiti cha uongozi hakibaki wazi.

Lakini hofu ya wazazi si ya bure. Titus Adungosi, mwenyekiti wa kwanza wa SONU, chama cha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, alikamatwa baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982. Alifungwa miaka 10, akafa gerezani mwaka 1988. Baadaye ikaja hatari nyingine: hela, ukabila na fujo. Aprili 2016 uchaguzi wa chuo hicho ulizua ghasia, chuo kikafungwa. Mwaka huo huo Bunge lilibadilisha Sheria ya Vyuo Vikuu: wanafunzi wachague wajumbe kwanza, nao wajumbe wachague baraza la watu 7. Mwenyekiti akiwa mwanamume, makamu wake awe mwanamke, au kinyume chake. Kwa hivyo mabinti zetu nao wasijiweke nyuma.

Kijana anayetaka kugombea afanye haya:

1. Asome katiba ya chama cha wanafunzi cha chuo chake. Ajue masharti, tarehe na jinsi kura inavyopigwa, maana vyuo havifanani.

2. Achague shida moja au mbili anazoziweza, kama maji ya hosteli au alama za mtihani zilizopotea. Asiahidi kushusha karo. Karo haipangwi na wanafunzi.

3. Ahesabu gharama, kama yule mjenzi wa mnara katika Luka 14. Atasoma saa ngapi? Nani atalipia karatasi za kampeni? Mwanasiasa akitoa hela leo, kesho atakuja kudai watu wa kufanya fujo.

4. Avuke mpaka wa kabila. Mwaka 2012 zaidi ya watu 100 waliuawa katika mapigano ya Delta ya Tana. Mpokomo, Muorma na Mwardei wakifanya kampeni pamoja chuoni, watarudi nyumbani wakiwa wamejuana. Ukipata kura za kabila lako tu, umehesabiwa, hukuchaguliwa.

5. Akubali matokeo. Akiona dosari, aandike malalamiko yake na kuyapeleka kwa wasimamizi wa uchaguzi. Asichukue mawe.

Wazazi nao, mtoto akileta habari hii, msimkatize. Muulizeni: Unataka kumtumikia nani? Nani anakulipia? Ukishindwa utafanya nini? Akijibu vizuri, mwombeeni na mumwache agombee. Akibabaika, mwambieni angoje mwaka mmoja.

Maswali ya majadiliano katika vikundi

(a) Ni nani kati yetu ana kipawa cha uongozi lakini hukataa kila akiombwa? Kwa nini?

(b) Soma Kutoka 18:21. Yethro alitaka viongozi wa namna gani? Linganisha na wale tunaowachagua hapa kwetu.

(c) Kikundi chetu kitawasaidiaje wanafunzi wa makabila yote kukutana wakati wa likizo?

Mungu awabariki mnapojifunza.