Tuhesabu Mbawa Kwanza



Likizo iliyopita mama aliniita shambani. Majani ya muhogo yalijaa wadudu weupe wenye unga, na juu yao kidudu cheusi mfano wa punje ya ulezi. Nikakipiga picha, nikasema: "Mama, hawa ni nzi waharibifu. Tupulizie dawa." Kabla hajaichanganya, nikaituma picha kwa ndugu mmoja wa kitivo cha sayansi.

Akanijibu kwa maswali. Mbawa ni mbili au nne? Nzi ana mbili, nyigu ana nne. Vipapasio vimepinda kama kiwiko? Bawa lina mishipa mingi, au karibu halina? Nikapiga upya, kioo cha kukuzia mbele ya kamera: kwa juu, kwa ubavu, rula kando.

Alikuwa nyigu wa vimelea. Hutaga yai ndani ya mdudu mwingine, na buu humla mdudu huyo kwa ndani. Mmoja wao, Anagyrus lopezi, alitolewa Paraguay akaachiliwa Nigeria mwaka 1981, akaokoa muhogo katika nchi nyingi za Afrika.

"Basi ndiye huyu?"

"Picha inatufikisha kwenye kundi. Kwa spishi, tunahitaji hadubini."

Nikakumbuka darasa la Hadithi. Wapokezi wengi wana jina moja, hivyo wanazuoni huangalia walimu wao, wanafunzi wao na zama zao kabla ya kuhukumu. Nayasoma hayo darasani, lakini shambani nilihukumu kwa mtazamo mmoja.

Dawa haikupulizwa. Ndugu, kabla ya kutamka, tuhesabu mbawa.